Msoma Njia wa Afande

Wahindi walipofukuzwa, tajiri wangu alifunga duka lake la vipuri pale Nakasero, akanipa mkono, akaondoka na sanduku moja. Gari lake la mashindano, jeupe la Kifaransa, lilibaki uani. Nami nilibaki nalo.

Afisa wa jeshi aliyepewa duka hilo alilizunguka gari, akauliza nani analijua. Jirani mmoja, Mungu amsamehe maana mimi bado, akaninyooshea kidole. Nilieleza kwamba mimi si dereva, ni msoma njia. Kwenye mashindano, dereva haoni ng'ambo ya kilima. Msoma njia hukaa kando yake, barabara ameikariri kona kwa kona, na humwambia: kushoto kali, punguza; imenyooka, kanyaga. Dereva hatii macho yake, anatii sauti. Akianza kuuliza maswali, nyote wawili mtajikuta mtaroni.

"Basi wewe nakaa na gari," afisa alisema. Nikahesabiwa pamoja na magurudumu.

Mke wangu alikuwa amekwenda kwao Kisumu, mimba yake ikiwa kubwa. Mimi nililala peke yangu mtaani kwetu Kisugu, na kila asubuhi honi ya afande iliniamsha. Kutoroka kulinijia akilini, lakini afande alikuwa amefika kwa mama yangu, akanywa chai yake, akamsifia nyumba. Nilielewa. Nilimchukia mtu yule hadi chakula kikanishinda, na bado nilimwamkia kwa tabasamu.

Siku moja maafisa walikubaliana kushindana kutoka mjini hadi Port Bell, kando ya ziwa.

"Kama sisi nashinda," afande aliniambia, "mimi nakupa ruhusa. Wewe nakwenda kwa bibi yako."

Sikuwahi kuombea gari kama nilivyoliombea lile. Kisha asubuhi ya mashindano nikamwona mshindani wetu. Alikuwa mkubwa wa afande mwenyewe, ndani ya gari kubwa la Kijerumani. Huyo alipojikwaa siku moja, askari wake mmoja alicheka, naye akampeleka gereza la Luzira. Nilimtazama afande wangu. Alikuwa akipapasa usukani, amelewa mlio wa injini, hana habari.

Tuliondoka. Gari letu lilikuwa jepesi, na kwenye kona tulimpita mkubwa kama amesimama. Afande alipiga kelele kwa furaha. Mimi nilikuwa nimebanwa pale kitini, nasoma njia kwa sauti, huku moyoni nikisoma mengine. Tukishinda, ruhusa yangu itatolewa na nani, mtu aliyemwaibisha mkubwa wake? Na afande akitupwa gerezani, ataniacha mimi nje?

Kilima cha mwisho kilikuja. Nilijua kwamba ng'ambo yake barabara imenyooka hadi ziwani. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na ng'ambo ya neno hilo alikuwa mke wangu.

"Kushoto kali! Punguza!"

Akakanyaga breki. Tulipofika juu, barabara ilikuwa mbele yetu, imenyooka. Gari la Kijerumani likatupita likipiga honi. Mwenye nguvu mpishe.

Port Bell, mkubwa alikuwa amekwisha kushika bia. Alicheka, akampiga afande mgongoni, akasema gari zuri, dereva ndiye mbovu. Afande naye akacheka. Aliporudi garini alifunga mlango.

"Pale hakuna kona," alisema polepole.

"Hakuna, afande."

Alimtazama mkubwa wake kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Nilijua ameelewa, na kwa mara ya kwanza nikathubutu kutumaini.

"Wewe naona mbali," alisema. "Mtu kama wewe, mimi siwezi kuacha."

Mtoto wangu alizaliwa Kisumu, akatambaa, akasimama, akaanza kukimbia. Mimi bado nilikuwa nikiamshwa na honi.