Shamba Moja, Majina Manne

Euphrasia hakuwahi kununua kitu bila kwanza kukipa mgongo. Wauza mchele wa Kahama walimjua: akigeuka na kupiga hatua tatu, shusha bei, usiposhusha, hatua ya nne ni ya kweli. Mumewe alimwachia ekari mbili za tumbaku, bani la kukaushia lenye paa la nyasi, na binti mmoja, Ritha. Ndugu wa marehemu wakangoja aondoke. Hakuondoka. Mwaka tisini na moja alibadilisha mbuzi jike kwa miche ya mikaratusi, elfu moja na mia sita, akaipanda kwenye kilima kinachozungukwa na njia nne, akainywesha kwa ndoo kiangazi kizima.

Kijiji cha Ilomelo kilicheka. "Mama Ritha, mti hauliwi," alisema Bujiku, jirani yake.

"Hata wewe huliwi, na mama yako alikulea."

Cheko lilikatika miaka mitano baadaye. Shemeji yake Eustace, mdogo wa marehemu na katibu wa chama cha msingi cha ushirika, aliwakusanya wakulima ghalani akawasomea barua. Wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wameleta sharti jipya. Huko kwao watu walianza kuogopa kwamba dunia inapata joto, na kwamba misitu ikikatwa na kuchomwa, joto linazidi. Kwa hiyo tumbaku iliyokaushwa kwa kuni za pori isingeingia tena kwenye soko lao. Mkulima aonyeshe miti mia nne aliyoipanda mwenyewe. Mkaguzi ataihesabu na kutoa cheti. Huna cheti, huna mnunuzi.

"Moshi wa bani langu ufike Ulaya?" Bujiku aliuliza. "Mimi mwenyewe hata Tabora sijafika!"

Ghala zima likaangua kicheko. Euphrasia hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu ya jani lake lililoning'inia banini, msimu mzima wa mgongo wake, na ada ya sekondari ya Ritha iliyokuwa ndani ya lile jani. Katika Ilomelo nzima, mwenye miti ya kupanda alikuwa yeye peke yake. Kwa mara ya kwanza sharti la wakubwa lilikuwa limemkuta amejiandaa.

Asubuhi ya ukaguzi Eustace alifika mapema.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Mbona umevaa kama bwana harusi?"

"Wageni wakubwa leo. Nina ombi. Watakula hapa kwako. Nani mwingine ana mkono wa kupika? Wewe baki na chungu. Kilima chako nitawaleta mwisho kabisa, tukishiba tunakwenda pamoja."

Hapo ndipo Euphrasia alipokosea. Mtu ambaye hakuwahi kuruhusu robota lake la tumbaku lipimwe yeye akiwa hayupo, siku hiyo alibaki jikoni, kwa sababu aliyeomba ni shemeji, na mgeni wa shemeji ni mgeni wa marehemu. Alichinja majogoo mawili. Akiwa anakoroga, alisikia gari likinguruma upande wa barabara kuu, likanyamaza, likaondoka. Baadaye likasikika upande wa shule. Kisha mtoni. Kisha makaburini. Alidhani dereva amepotea njia.

Walikula wakasifu. Euphrasia akanawa mikono. "Sasa twendeni kwenye miti yangu."

Mkaguzi alitazama kilima, akafungua kitabu chake. "Ile pale? Mama, ile tumekwisha kuiandika. Upande wa barabara ni ya Bwana Eustace. Upande wa shule, Bujiku. Mtoni, Mihayo. Makaburini, Stanslaus. Kila mmoja mia nne. Wewe yako ni ipi?"

Euphrasia alimgeukia Eustace. "Shemeji, mwambie."

Eustace alikuwa anafyonza mfupa wa paja. Aliufyonza mpaka ukawa mweupe.

"Kuna kosa dogo," alisema hatimaye, bila kuinua macho. "Tutalirekebisha ofisini."

Mkaguzi akasema cheti kikishatiwa sahihi hakifutwi kwa maneno ya jikoni. Kama kuna ugomvi, atavichukua vyeti vyote na Ilomelo nzima itakosa soko. Akashukuru kwa kuku, akapanda gari.

Jioni ile wale wanne walikuja kumtuliza.

"Hujapoteza kitu," Eustace alisema. "Jani lako litapita kwa jina langu. La kijiji kizima litapita kwa majina yetu manne, kila mtu atuachie fungu kidogo. Ungeuza peke yako, wenzako wale nini?"

"Ungeniomba, ningewakatia vipande. Hukuniomba. Ulinipa chungu." Akawatazama mmoja mmoja. "Nataka jina moja tu litoke, langu liingie. Nani atatoka?"

Stanslaus akakohoa. Mihayo akatazama kofia yake. Euphrasia akamngoja Bujiku, ambaye bani lake lilipoungua alikaushia jani lake msimu mzima kwenye bani la mama huyu.

"Mama Ritha, mimi nina watoto saba," alisema Bujiku.

"Basi nimesikia." Akawapa mgongo. Hatua tatu, hakuna aliyemwita. Akapiga ya nne.

Kesho yake alipanda basi kwenda Kahama, akamtafuta Adam, mtu wa kupeleka matimba Nyarugusu, yale magogo ya kuegemezea kuta za mashimo ya dhahabu zisiwafukie wachimbaji. Adam alikuja, akauzunguka mti, akaugonga kwa kisigino cha panga.

"Myembamba, mama."

"Wachimbaji wako ni wanene?"

Adam akacheka. "Lakini nasikia kuna vyeti. Miti hii ni ya nani hasa?"

"Kitabu kinasema ya wanaume wanne. Waulize ni mstari gani mchwa waliula nikapanda upya. Akijua mmoja, usinipe hata senti."

Adam hakuuliza mtu. Walibishana mpaka jua likahama, na bei iliyotoka ilitosha ada ya Ritha. Mashoka yalilia siku sita. Siku ya pili Eustace alifika mbio, shati nje.

"Shemeji, unatuua! Mkaguzi anarudi mwezi wa tano kabla ya soko!"

"Mwonyesheni miti yenu."

"Na jani lako je? Litaoza!"

"Lioze kwa jina langu."

Mwezi wa tano gari lilipita njia zote nne, na safari hiyo halikukawia popote. Vyeti vilirudishwa. Tumbaku ya Ilomelo ililala ghalani, na ya Euphrasia banini. Hakuifurahia hasara hiyo. Yake ilikuwa humo humo.

Mvua ziliporudi, visiki vilichipua, kama mikaratusi inavyochipua siku zote. Bujiku alikuja kusimama mpakani, kofia mkononi.

"Mama Ritha, eti machipukizi nayo yanahesabiwa?"

"Yanahesabiwa," alisema Euphrasia, bila kuacha kupalilia. "Ila safari hii mkaguzi nitamtembeza mwenyewe. Chakula atapika Eustace."