Noti ya Bibi kwenye Kofia ya Mwimbaji

Juzi nilipanda teksi Matrah, narudi kwangu na mfuko wa limau kavu na udi nilioulipia ghali kuliko haki yake. Dereva alikuwa mtu mzima, kimya, kama aliyeapa. Tulipokaribia Darsait akafungua redio, na likatoka gitaa. Si gitaa hili la kupigwa chaka chaka. Lile linalolia, linalovutwa sauti ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, kama mtu aliyefiwa. Nikasema kwa Kiswahili, maana Kiarabu chote kilinikimbia, "Baba, usisimame. Zunguka tena."

Akanitazama kwenye kioo. Na Maskati hii hujui nani anafahamu Kiswahili; akanijibu kwa Kiswahili safi cha pwani, "Nizunguke wapi, binti?"

"Popote. Mpaka wimbo uishe."

Basi akazunguka, Mungu amjaalie, na mie nikarudi miaka mingi nyuma.

Nimelelewa na bibi, mama yake baba, kwenye flati ya ghorofa ya tatu Darsait, juu ya karakana ya kutengeneza viyoyozi. Wazee wangu walikuwa na kazi mji wa Sohar, wakija Alhamisi na kuondoka Ijumaa jioni. Kutwa tulisikia nyundo chini, na harufu ya rangi ikipanda ngazi kushindana na harufu ya jikoni kwetu. Ijumaa jikoni ndiko kulikoshinda. Bibi alikaanga vitunguu vya pilau tangu asubuhi, akaniweka kwenye kibao cha mbuzi nikune nazi, na ole wangu nikifikisha meno kwenye lile ganda jeusi. "Mke mwenzangu," alikuwa akiniita, kwa kuwa babu alizoea kusema mie ndiye mkewe mdogo, "mke mwenzangu, nazi ya kijivu utamlisha nani?"

Babu naye kazi yake Ijumaa ilikuwa kaseti. Sasa hapa ndipo palipokuwa na vita. Bibi ni mtu wa Unguja, amezaliwa na taarab masikioni. Babu kakulia Nakuru, kwenye duka la baba yake, na huko Kenya bara watu wanapenda muziki wa kantri wa Wamarekani kupita Wamarekani wenyewe. Alikuja Oman na kaseti mbili tu za kantri na hakuzitupa. Wakapatana: kabla ya sala ya Ijumaa taarab, baada ya kula kantri. Bibi akiziita nyimbo za wachunga ng'ombe. Lakini nilimuona, akidhani hatumtazami, anatikisa kichwa huku anamimina kahawa.

Walichokigombania kila wiki kilikuwa ile sauti inayolia. Babu akisema ni chombo. Bibi akisema chombo gani, yule ni mwanamke, wamemuweka nyuma alie. "Chombo hakiwezi kulia hivyo," anasema. "Chombo hakijazaa." Babu anacheka mpaka anakohoa. Hakuna aliyeshinda, kwa sababu babu alifariki nikiwa darasa la sita, na mwaka uliofuata redio ikautafuna utepe wa kaseti ya mwisho. Bibi aliichomoa taratibu, akaifunga kwenye leso, akaiweka kabatini chini ya kanga zake. Ijumaa ikabaki taarab peke yake.

Jambo jengine nililofunzwa na bibi ni kutunza. Akinichukua harusini, tunakaa mbele, na mwimbaji akifika kwenye ubeti uliomgusa mtu, mtu yule huinuka na noti yake mkononi, akaenda kwa madaha mpaka kwa mwimbaji, akampa. "Usitazame mkono," bibi ananinong'oneza. "Tazama macho. Ubeti aliouinukia ndo maneno yake, na anayemtazama ndiye anayeambiwa." Nimeona watu wakitukanwa hivyo bila ya neno kutamkwa, na nimeona mama mkwe akimsamehe mke wa mwanawe mbele ya wanawake mia. Na aliyetunza hatakiwi kueleza tena. Keshasema.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni nikapata nafasi ya kwenda kumalizia masomo Uingereza, miaka mitatu. Barua ilitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Baba akaisoma, akaikunja, akasema, "Bibi yako akiridhia, nami nimeridhia." Ndivyo ilivyokuwa kwetu, hakuna aliyesafiri bila ya radhi ya bibi. Nikaenda kumwambia nikiwa na furaha yangu yote. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama tumenunua vitunguu.

Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Kila nikilianza neno la safari, bibi anauliza habari za vitunguu, au za jirani, au anakwenda kutia udhu. Na bibi yangu akinyamaza, ndo kakataa. Nilikasirika, siwezi kukuficha. Nikilala namlaumu, nikiamka namuonea huruma, maana nikiondoka anabaki na nani? Na nyundo za karakana tu.

Wakati huo huo mwalimu wangu wa Kiingereza akanipa kadi mbili. Kundi la muziki wa kantri limekuja kutoka ng'ambo, litapiga Madinat Sultan Qaboos, kwenye bustani ya skuli moja ya wageni, Ijumaa baada ya alasiri. Nilipanga kwenda na rafiki yangu. Nikafanya kosa la kulitaja jikoni.

Bibi akaacha kuchambua mchele. "Muziki wa babu yako?"

"Ndio, bibi."

"Wenyewe? Watu wazima wamekaa wanapiga?"

"Wenyewe, bibi."

"Basi rafiki yako Ijumaa hiyo hawezi, ana homa. Nakwenda mie."

Siku ya siku akajitayarisha kama anayekwenda harusini. Abaya mpya, nguo zimefukizwa udi, asumini nywelini chini ya ushungi ambako hakuna atakayeiona. Akabeba chupa ya kahawa na bakuli la visheti. Nikamuona anafunga noti mpya ya riali tano kwenye pembe ya leso. Nikadhani ya maji ya kunywa, na mjinga ni mie.

Bustani ilijaa watu wa kila taifa, wamekaa kwenye viti na mazulia, wametulia. Ilikuwa majira ya baridi, jua limelegea. Bibi hakukaa dakika tano ila visheti vilishazunguka safu nzima, na mzungu mmoja anamwambia shukran kwa Kiarabu cha kubahatisha. Kisha wakapanda jukwaani na kofia zao pana, wakapiga.

Ndugu yangu, nitakwambia nini? Mie muziki nilikuwa naujua kama kitu kinachotoka kwenye kiboksi. Sikujua kwamba unaingia kifuani na kukaa. Ngoma ilipopigwa niliisikia mbavuni. Nyuzi zilipokwaruzwa nilisimama nywele. Nilikuwa nimekaa na mdomo wazi, msomi mzima wa chuo, machozi yananilengalenga na sijui nalia nini. Waliokuwa kwenye kaseti ya babu walikuwa watu! Wana vidole, wanatoka jasho, wanatazamana na kucheka baina ya ubeti na ubeti.

Bibi akanishika goti. "Fidla ile," akasema. Fidla aliijua, ni jamaa yake wa taarab. Kisha pembeni mzee mmoja aliyekaa, amelaza gitaa mapajani kama mtu aliyempakata mtoto, akapitisha kipande cha chuma juu ya nyuzi, na ile sauti ikalia. Kucha za bibi zikaniingia gotini.

"Ndo kile!" Hakunong'ona, alisema. Watu wakageuka. "Kile kinacholia! Kumbe chombo! Loh, mume wangu, ulikuwa na haki, nisamehe." Akakaa anamtazama mzee yule bila ya kupepesa, mpaka wimbo ukaisha, na machozi yanashuka wala hayafuti. Sijapata kumuona bibi akilia, hata siku ya mazishi ya babu.

Tulipumzika kwa sala ya magharibi, tukaswali kwenye zulia la pembeni, tukarudi. Akapanda mwimbaji mwanamke, mtu mzima, kofia yake ina utepe mwekundu. Akaimba wimbo wa taratibu, chombo kinalia nyuma yake.

"Anasema nini?" bibi akaniuliza.

Nikasikiliza. Ulikuwa wimbo wa mama anayempangia bintiye sanduku. Ningeweza kudanganya. Wallahi, ningesema ni wimbo wa farasi, na nyimbo zile farasi hawakosi. Niliogopa atadhani nimempeleka makusudi kumpiga fumbo. Lakini bibi kanifunza kwamba ubeti ni amana, haupunguzwi. Nikamsogelea sikioni nikamfasiria neno kwa neno. Anamkunjia nguo, bibi. Anamwambia nenda. Anamwambia, usiku wa kwanza nitakwita kwa kusahau. Anamwambia, mimi nitajifunza kimya, wewe kajifunze dunia. Mlango wangu siufungi.

Bibi akaivuta leso yake. Akafungua pembe ya leso. Na hapo, Mtume wangu, ndipo nilipofahamu ile noti ya nini.

"Bibi, hapa hawatunzi," nikamwambia. "Bibi, kaa, tafadhali."

Keshainuka. Kaiinua noti juu, anakwenda kwa madaha, hatua na kituo, hatua na kituo, katikati ya watu waliokaa kimya kama wamo mtihanini. Nilitamani ardhi inimeze. Mlinzi akapiga hatua kumzuia, yule mwimbaji akamuashiria amuache. Bibi akafika chini ya jukwaa, mwimbaji akainama huku anaimba, mikono yote imeshika gitaa. Sasa noti iende wapi? Bibi akafikiri kidogo, akaichomeka kwenye utepe wa kofia. Bustani nzima ikapiga makofi. Mwimbaji hakuivua. Aliurudia ubeti ule ule, noti ya riali tano imesimama kichwani.

Nami nikakumbuka nilivyofunzwa. Nikaacha mkono, nikatazama macho.

Bibi alikuwa hamtazami mwimbaji. Kageuka, anarudi anacheza polepole, na macho yake yamenikaa mie. Hayakuhama mpaka alipofika. Mbele ya kaumu yote ile, ambayo hakuna mmoja wao aliyejua nini kinasemwa, bibi yangu kanipa radhi.

Kwenye gari bibi alikuwa anaikunja leso yake tupu. Tulipofika mlangoni nikashindwa kujizuia. "Bibi, ile barua niijibu vipi?"

"Kwani hukuwepo?" akasema, anavua viatu. "Nshasema. Nenda kachemshe chai."

Nikaenda Uingereza. Mwaka wa pili wa huko bibi akafariki, na sikuwahi mazishi. Niliporudi, jirani wa mlango wa pili alinishika mkono ngazini akanambia jambo lililokuwa likimshangaza. Kila Ijumaa tangu nilipoondoka, baada ya alasiri, bibi akiuacha mlango wa flati wazi mpaka magharibi, naye amekaa kitini, kimya, hana taarab, hana redio. Wakimwambia wezi, anasema mwizi na aje, visheti vipo.

Siku hizi flati ile ina wapangaji wengine, na karakana imekuwa duka la simu. Kaseti ninayo mie, ndani ya leso yake, wala sina cha kuipigia.

Teksi ilikuwa imezunguka mara ya tatu. Tulipopita chini ya ghorofa ile wimbo ulikuwa unamalizika, chombo kinalia peke yake. Nikafungua mkoba, nikatoa riali tano, nikaiinua juu ndani ya gari, kisha nikaiweka karibu na redio.

"Binti, nauli si hiyo," dereva akasema. "Hii nyingi."

"Hiyo si nauli," nikamwambia, na macho yangu yalikuwa juu, kwenye dirisha la ghorofa ya tatu.

Dereva akaangalia noti. Akaangalia dirisha. Akapunguza mwendo.