Matabisi ya Mama Aurélie

Mama Aurélie wa Tshopo hajawahi kupima mchele sokoni bila matabisi, kile kiganja cha bure cha kumfurahisha mteja. Nguruwe wake nao akawafanyia hivyo hivyo. Poda ya madini yenye selenium, ya kutiwa kijiko kimoja katika gunia zima la pumba, yeye aliitia kiganja kizima kila mlo. Kwato zikapasuka, zikang'oka, miguu ya nyuma ikalegea. Ubahili ungewaokoa.

"Bon, mama, ile poda ikizidi iko sumu," akasema Papa Osée, daktari wa mifugo. "Usiuzishe nyama, usikule."

Kuuza hawezi, kula hawezi, kuwachinja moyo unakataa. Kila asubuhi akifungua banda, wanajikokota kwa magoti mpaka miguuni pake, wakingoja matabisi.