Kiduara Kwenye Mchoro wa Taa

Mbagala Kizuiani nzima ilijua kwamba Marselino anatengeneza ndege. Mwenyewe hakuwa mtu wa majigambo, lakini hilo hakulikanusha, na mkewe Eufrazia, aliyeshona sare za shule barazani, hakulikanusha pia. Marselino alikuwa ametoka Ndanda, kusini, akiwa na cheti cha darasa la saba na mashati mawili, akapata kibarua cha kuosha ndege kwenye karakana ndogo pembeni ya uwanja, upande wa ndege za watu binafsi. Miaka miwili aliosha mabawa huku macho yake yakiwa kwa mafundi umeme. Wa tatu alishikishwa bisibisi. Kufikia wa kumi, hapakuwa na mtu pale karakana aliyejua kufuatilia waya ndani ya tumbo la ndege kama yeye.

Ila leseni hakuwa nayo. Mtihani wa leseni uko kwa Kiingereza, na Marselino aliufanya mara tatu. Mara ya kwanza aliamini atafaulu. Mara ya pili aliomba Mungu. Mara ya tatu alikaa mle ndani akisoma swali la kwanza mpaka muda ukaisha, akatoka, akamwambia Eufrazia kwamba mtihani umeahirishwa. Hawakuzungumzia tena jambo hilo.

Aliyemsitiri ni Brightson, injinia mkuu wa karakana, Mchaga mmoja mpole aliyependa chai ya rangi yenye tangawizi. Kila asubuhi walikaa kwenye benchi nyuma ya karakana. Brightson anafungua kitabu cha maelekezo, anasoma, anatafsiri polepole. Marselino anasikiliza huku akitazama michoro. Kisha mmoja anakwenda kufanya kazi, na mwingine jioni anakuja kukagua na kutia saini. Walifanya hivyo miaka kumi na tisa. Hata siku moja Brightson hakumwuliza kwa nini hasomi mwenyewe, na Marselino hakuwahi kumshukuru, maana kushukuru kungekuwa ni kukiri.

Brightson akastaafu, akarudi kwao Machame. Nafasi yake akaletwa Anna.

Marselino alimfahamu Anna tangu akiwa mwanafunzi. Alikuwa ameletwa pale kwa mafunzo ya vitendo ya miezi mitatu, binti mwembamba aliyeogopa hata kupanda juu ya bawa, na Marselino ndiye aliyemfundisha kubana ncha za waya kwa kutumia vidole tu, bila kuangalia. Sasa alirudi ana leseni, ana wino wa kutia saini. Siku ya kwanza alivuka karakana nzima, akampita mwenye karakana, akaenda kumwamkia Marselino kwanza.

"Shikamoo baba," alisema. "Bila wewe mie ningekuwa naogopa mpaka leo."

Maneno yale yalimkaa Marselino kifuani siku nyingi. Na kwa sababu ya maneno yale alishindwa kumwambia habari ya benchi na chai ya tangawizi. Atamwambiaje? Mtu anakuona mwalimu wake, halafu wewe umwombe akusomee?

Miezi ya mwanzo mambo yalikwenda, maana kazi zilikuwa zile zile alizozizoea. Ndipo Bwana Talha akaleta taa.

Bwana Talha alikuwa mfanyabiashara wa Upanga mwenye ndege yake ndogo ya injini moja, aliyoirusha mwenyewe kwenda Mafia na kurudi. Taa zake za kutua, zile za mbele zinazommulikia rubani anaposhuka, zilikuwa za globu za zamani. Zilitoa mwanga wa njano kama wa kibatari, na kila baada ya wiki chache moja iliungua. Alichoka. Akaagiza kutoka nje taa mpya za LED, mbili, zikaja kwenye boksi pamoja na visanduku vyake vya umeme na kijitabu cha kurasa ishirini.

Anna alimpa Marselino kazi ile bila kusita. Siku nne alikuwa ndani ya bawa. Alitoa taa za zamani, akasafisha kutu, akachonga vishikizo vipya vya bati kwa sababu vya zamani havikulingana. Waya za zamani alizipima kwa mita, akaona bado nzima kabisa, akaziacha. Kijitabu alikifungua akakiweka magotini, akafuata picha. Kwenye ukurasa wa kumi na moja palikuwa na mchoro wa waya, na juu ya kila mstari palikuwa na kiduara kidogo kilichouzunguka, kama pete. Alikitazama kile kiduara. Akaona ni alama ya kamba ya kufungia waya zisichezecheze. Akafunga kamba, kila mahali penye kiduara, kwa unadhifu ambao Brightson angeusifia.

Siku ya nne walifunga milango ya karakana, akawasha. Dari yote ikawa nyeupe. Mafundi wengine waliacha kazi zao wakaja kutazama, na mlinzi akachungulia dirishani akidhani kuna jambo. Marselino alisimama mbele ya ile ndege mikono ikiwa mfukoni, akijizuia kutabasamu. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na alijua kwamba hajawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile.

Anna alikagua. Alivuta waya, akagusa skrubu moja moja, akazima na kuwasha. Bwana Talha alikuwa amekwisha kupiga simu mara mbili, anataka kusafiri na mkewe Najma kesho yake asubuhi. Anna akachukua kitabu cha ndege, akashika kalamu, akamwangalia mzee wake.

"Kijitabu chote umekisoma, baba?"

"Nimekisoma," alisema Marselino.

Anna akatia saini.

Kwenda Mafia hapakuwa na tatizo. Jua lilikuwa kali, Bwana Talha hakuhitaji taa. Ni wakati wa kurudi, Jumapili alasiri, mvua ya vuli ilipolifunika jiji, ndipo aliposhuka chini ya mawingu akaziwasha. Papo hapo redio ikajaa kelele, kama mafuta yanayokaangiwa samaki. Sauti za waongozaji wa ndege mnarani zikapotea. Waongozaji walikuwa wanamwambia asitue, kwa sababu ndege ya abiria ilikuwa bado haijatoka kwenye barabara ya kutulia, na yeye hasikii kitu. Najma ndiye aliyeiona. Alimshika mumewe bega, akanyoosha kidole, na Bwana Talha akavuta ndege juu akiwa ameshaona madirisha ya ile nyingine. Walizunguka juu ya bahari mpaka alipofikiria kuzima taa. Redio ikatulia, akaelekezwa, akatua salama. Najma aliposhuka alikaa chini kwenye lami na mvua yake, akakataa kunyanyuliwa.

Hakuna aliyeumia. Marselino alijiambia hivyo usiku na mchana, na haikumsaidia.

Jumatatu Anna alifungua bawa mwenyewe. Hakupiga kelele wala kumlaumu mtu. Alitazama zile waya za zamani kwa muda, kisha akafungua kijitabu ukurasa wa kumi na moja, akaweka kidole kwenye kiduara. Akaeleza, kwa sauti ya mtu anayefundisha, kwamba ile alama maana yake ni waya uliovikwa wavu wa shaba. Taa hizi mpya zinatoa mtetemo wa umeme, na waya mtupu unaurusha mtetemo huo hewani mpaka kwenye antena ya redio; wavu ndio unaouzuia. Imeandikwa hapo chini ya mchoro, alisema, tena kwa herufi nzito. Na sentensi inayofuata inasema ukimaliza kufunga uwashe taa na redio kwa pamoja, usikilize.

Marselino aliyatazama yale maandishi. Anna alimwangalia, na Marselino akaona namna uso wa yule binti ulivyobadilika taratibu, jinsi alivyokuwa anaelewa. Akakifunga kijitabu, akaondoka kwenda ofisini.

Wakaguzi wa ndege kutoka serikalini walikuja Jumatano, watu wawili wastaarabu wenye mafaili. Walimhoji Anna asubuhi nzima. Mlango ulikuwa wazi kidogo na Marselino, akiwa nje anajifanya anapanga spana, alimsikia akisema kwamba saini ni yake, alipaswa kusoma kijitabu na kuijaribu redio, hakufanya, hana la kuongeza. Jina la mtu mwingine hakulitaja.

Basi Marselino akaingia. Hakubisha hodi. Alisimama mbele ya meza yao na ovaroli lake, akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyefunga taa, yeye ndiye aliyesema amesoma na hakuwa amesoma kwa sababu hajui kusoma Kiingereza, hakujua jana wala miaka ishirini iliyopita. Kama kuna adhabu wampe yeye. Alisema yote hayo kwa pumzi moja. Anna alikuwa ameinamisha kichwa.

Mkaguzi mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani.

"Mzee wangu, nimekuelewa," alisema. "Lakini wewe huna leseni. Huna kitu cha kunyang'anywa."

Akamshukuru kwa kusema ukweli, akamwomba atoke nje.

Leseni ya Anna ilisimamishwa mwaka mmoja. Marselino hakufukuzwa, na hilo ndilo lililomshinda kulibeba. Aliletwa injinia wa kuazima, akasimama pembeni akimsomea mstari kwa mstari, na Marselino akavuta waya mpya zenye wavu kwenye bawa lile lile. Wakajaribu taa na redio. Kimya safi kabisa. Bwana Talha alimpa mkono. Jioni ile Marselino alikabidhi ufunguo wa kabati lake, akamwambia mwenye karakana kwamba amechoka.

Wiki moja baadaye alivuka kwenda Kigamboni, alikokuwa akiishi Anna na mama yake. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Anna alimkaribisha vizuri, akamwamkia, akamtolea juisi ya ukwaju, wakakaa ukumbini feni ikizunguka. Marselino aliomba msamaha kwa maneno machache kuliko yale aliyoyapanga.

Anna alilikunja na kulikunjua pindo la kitenge chake.

"Ungeniambia tu, baba," alisema. "Ningekusomea."

Hakuyasema kwa hasira. Angekuwa na hasira, pengine Marselino angepata pa kushika. Aliimaliza juisi yake kwa heshima, akaaga.

Nyumbani alimkuta Eufrazia anakata nyuzi kwenye sketi za shule. Akakaa kwenye kigoda karibu yake, akamsimulia yote, hata ule mtihani ulioahirishwa. Eufrazia hakuacha kukata. Alipomaliza aliuliza kitu kimoja, kwamba yule binti sasa anafanya kazi wapi. Marselino akasema hafanyi, yuko kwa mama yake.

"Mtoto wa watu," alisema Eufrazia, akaweka mkasi chini.

Mwaka ulipita. Marselino alisikia kwa mafundi wa zamani kwamba Anna alirudishiwa leseni yake, ila hakurudi kwenye ndege; aliajiriwa duka moja la kuuza vifaa vya sola, anakaa kaunta. Wengine walisema ameridhika tu. Yeye hakuamini. Aliwahi kumwona binti yule amesimama juu ya bawa, bisibisi mdomoni, anacheka.

Siku hizi Marselino anapata vibarua vya kutandika waya kwenye nyumba za Chamazi na Mbande. Anafanya, ila kila kiungo anakirudia mara nne, tano, mpaka wenye nyumba wananuna. Siku nyingine anaamka, anavaa, halafu anakaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni mpaka saa nne.

Krismasi iliyopita simu yake ilitoa mlio wa ujumbe. Ulikuwa wa Anna, maneno matano tu: heri ya Krismasi, baba yangu. Uliandikwa kwa Kiswahili. Marselino ameusoma mara nyingi. Mwezi wa tatu sasa unakwisha, na bado hajaujibu.