Glasi Sita za Tuda

Bassu aliendesha teksi kubwa ya safari za mbali pale mjini Azru, milimani, kwa miaka thelathini na moja, na hakuna abiria aliyewahi kumfundisha njia. Kwa hiyo safari ya kumpeleka mkewe Tuda kijiji cha Imilchil aliipanga mwenyewe, mezani, nyuma ya karatasi ya kalenda. Tuda alitaka kumwona dada yake Izza, aliyezeekea huko huko, juu kando ya maziwa ya mlimani. Hawakuwa wameonana miaka minne, tangu figo za Tuda zilipokufa. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zilikuwa siku za mashine ya kusafisha damu, na mashine haisikii udhuru wa mtu.

"Jumamosi alfajiri tunaiacha mierezi ya hapa Azru," Bassu alisema. "Khenifra tunafungua kinywa. Adhuhuri Ksiba. Magharibi tuko kwa Izza. Jumapili tunarudi, Jumatatu mashine."

"Na mjomba wangu wa Ksiba? Na binamu zangu huko njiani?"

"Tunawapita."

"Tupite milangoni kwa ndugu zangu kama wezi wa mbuzi? Wee mzee, umerogwa?"

Hapo ndipo penye kazi. Kwa watu wa milima ile, ndugu hapiti mlango bila kusimama, na akisimama anakunywa chai glasi tatu. Akikataa, amemtukana mwenye nyumba. Daktari naye alikuwa amempimia Tuda glasi sita ndogo kwa siku, supu ikiwa humo humo. Zikizidi, maji yanapanda mapafuni. Na kabla ya kufika kwa Izza, milango ilikuwa minne.

Bassu akakuna kichwa. "Kaa ubavuni kwangu. Wakigeuka tu, nabadilisha glasi. Yako nainywa mimi."

"Zako na zangu, glasi ishirini na nne! Utakojolea kila jiwe mpaka Imilchil."

"Dakika za mawe nimeshaziweka," alisema bila kutabasamu, akamwonyesha kwenye karatasi.

Tuda akacheka mpaka akapaliwa. Bassu alifurahi mno, maana kicheko kile alikuwa hajakisikia tangu theluji ianguke.

"Haya," Tuda alisema akifuta macho. "Kwa wote hao sinywi. Zangu sita niwekee kwa Izza."

"Tatu zinakutosha."

"Kwa Izza nitakunywa mpaka birika likauke."

Bassu akadhani bado ni mzaha. Akaigeuza karatasi apange Jumapili. Tuda akaweka mkono juu yake, ule mkono uliovimba mishipa kwa sindano.

"Kurudi jipangie wewe, mzee wangu. Mimi ile mashine nimeichoka. Nikifika kwa Izza, nimefika."

Bassu akaitupa kalamu mezani. "Basi hatuendi."

"Tusipokwenda nitakufa hapa hapa, na kiu yangu, na dada yangu sijamwona. Wewe ndiye mwenye funguo. Amua."

"Na mimi, Tuda? Mimi nibaki na nani?"

Tuda alimpenda, na ilimuuma. Akamshika kidevu tu, kama alivyokuwa akiwashika watoto wao walipokuwa wadogo.

Bassu alilia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake. Kisha akajifuta kwa kilemba, akaivuta karatasi, akaandika kwa herufi zake kubwa za udereva: Kurudi Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi. Gari tupu.