Nyenze wa Jiwe la Kijani

Nilianza kujitolea kuongoza wageni katika jumba moja la makumbusho mjini Dallas kwa sababu kazi ya uuguzi ilinizoeza kuwaona watu wakiwa kitandani tu. Siku zangu za mapumziko nilisimama katika chumba cha vitu vya kale vya Kichina, nikieleza habari za jedi, lile jiwe gumu la kijani. Nilieleza kwa Kiingereza, tena kwa madaha.

Jumamosi moja wakaja akina mama wa kanisa letu la Grand Prairie, vitenge sare, harufu ya manukato mpaka mlangoni. Nikaanza maelezo yangu. Kiongozi wa kwaya, mama wa Machakos asiyehitaji kipaza sauti, akanikatiza.

"Dada, tuta-enjoy vipi hivyo? Hapa Mzungu ni nani? Tuambie kwa Kiswahili."

Nikababaika, kwa kuwa yote niliyokariri yalikuwa ya Kiingereza. Nikaonyesha duara bapa lenye tundu katikati, nikasema jiwe hili halikuchongwa kwa patasi. Mafundi walilisugua kwa mchanga na maji mpaka likapata umbo.

"Na tundu la nini?"

"Hakuna ajuaye kwa hakika. Wakubwa walizikwa nalo."

"Mimi najua," akasema kiongozi wa kwaya. "Ni kifuniko cha sufuria. Mvuke utoke."

"Mtu azikwe na kifuniko?"

"Mimi mnizike na changu. Mkikiacha, wakaza wanangu watakigombania!"

Tulicheka mpaka mzee mmoja wa Kichina, aliyekuwa ameketi kwenye benchi, akageuka. Binti yake akaniuliza kuna nini. Nikamweleza, naye akamtafsiria babake. Mzee akacheka hadi akavua miwani, kisha akasema neno.

"Anasema mama yake angekubaliana nanyi kabisa," binti akaniambia. "Sufuria yake haikuguswa na mtu."

Basi wakafuatana nasi hadi kabati lililofuata. Ndani yake alilala nyenze mdogo wa jedi, mabawa ameyakunja. Nikaeleza kwamba aliwekwa juu ya ulimi wa marehemu, kwa kuwa nyenze, mdudu huyu aliaye mitini, hukaa ardhini miaka mingi, kisha hutoka, huvua ganda na kuruka.

Kati yetu alikuwapo mama aliyemzika mumewe mwaka ule. Hakuwa amecheka na wenzake. Alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Kwa hiyo walitumaini," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Hata hao wa zamani hivyo."

Akatabasamu. Kiongozi wa kwaya akamshika mkono, akaanza kuimba chinichini, na wengine wakaitikia. Mlinzi akaja haraka kutunyamazisha. Alipofika alisimama, akakunja mikono, akasubiri ubeti uishe. Ndipo akasema kwa upole, "Sasa basi, akina mama."

Mchana tulikula kwenye maegesho ya magari, vyakula vimepangwa nyuma ya gari la mmoja wetu. Mzee na bintiye walikaribishwa, wakakaa. Yule mjane ndiye aliyempakulia mzee pilau. Mzee alionja, akamnong'oneza bintiye, naye akageukia kwetu akiona haya.

"Baba anauliza kama kuna pilipili."

"Ipo!" wakajibu akina mama kwa pamoja, na mikebe mitatu ikafunguliwa.