Giaboksi yangu ilishapata mnunuzi

Leo nimekutana na mtu aliyekuja kununua giaboksi ambayo bado iko ndani ya gari langu.

Jana fundi wangu wa Thika alisema imekufa. Hakupima chochote. "Ni kuitoa tu, mzee."

Nikakataa, nikajikokota kwa gia moja hadi Ruiru, kwa Wanjiru, fundi wa umeme wa magari.

Aliacha gari lilale, oili ipoe kabisa, ndipo asubuhi akapima sensa ya joto, kifaa kinachopima joto la oili ya giaboksi. Oili ilikuwa baridi, lakini sensa ilidai inachemka.

"Giaboksi ni nzima, baba. Hii kitu ndogo inaidanganya, ndiyo maana inajifungia kwa gia moja."

Akabadilisha sensa. Gia zote zikaingia.

Nikarudi Thika kumfokea yule fundi. Mteja wake akaniuliza kwa upole, "Ndiyo hii gari ya giaboksi nzuri?"

Nzuri. Jana ilikuwa maiti.

Wenzangu, ya kwenu ilitolewa na nani?